Mpichi au mtufaha? Usichague kwa sifa ya kuzoea barafu, chagua kwa usingizi wa tumba

Mzee mmoja alisimama kwenye kitalu changu cha miche, Mbezi, mchana wa jua kali la Februari. Nikamwamkia, akaitikia, akafuta jasho na leso, akasema: "Binti yangu, mimi nataka mti wa kule kwenye barafu. Ule usioogopa kitu. Shamba langu liko Njombe, na Njombe unajua baridi yake."

Nilimvutia kiti. Ombi lake ni lile lile lililonitia hasara mimi mwenyewe miaka sita iliyopita, niliponunua miche 12 ya matufaha kwa muuzaji aliyeniapia kuwa mbegu yake inatoka nchi ya theluji na kwamba Njombe kwake ni mchezo. Niliipeleka kwa mjomba wangu, nikaipanda bondeni karibu na kijito kwa furaha kubwa. Haikufa hata mmoja. Lakini haikuamka. Majani yalitoka kidogo kwenye ncha za matawi, chini yake fito tupu kama za fagio. Maua mawili mwezi wa tisa, matatu mwezi wa kumi na moja, na tunda hakuna. Kosa halikuwa la baridi ya Njombe kuwa kali. Ilikuwa ndogo mno kwa mti ule.

Kwa hiyo nitawalinganisha hawa wawili, mpichi na mtufaha, kama nilivyomlinganishia yule mzee. Tuelewane majina kwanza. Hapa Dar ukisema tofaa, mtu wa pwani anawaza lile tunda jekundu la majimaji lenye umbo la kengele, na lile la dukani linalotoka Afrika Kusini tunaliita epo. Mimi nikisema tufaha nakusudia epo, na mti wake ni mtufaha. Pichi halina utata, ingawa kamusi huliita fyulisi.

Ndani ya tumba, wakati wa barafu

Katika nchi za baridi, ua linalochanua Aprili lilianza kuumbwa kiangazi cha mwaka uliotangulia. Linapitisha majira yote ya theluji likiwa dogo kama punje, limekunjwa ndani ya tumba, limefunikwa magamba. Magamba hayo si blanketi. Usiku mrefu wa nyuzi 15 chini ya sifuri, ndani ya tumba nako ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Mti hauna moto wa kujipasha.

Basi ua linaponaje? Jambo la kushika ni kwamba baridi peke yake siyo inayoua seli. Inayoua ni barafu kuota ndani yake, ikachana ngozi laini inayoishikilia. Mti unaopona ni ule uliopata njia ya kuizuia barafu isiingie humo, na hapo ndipo jamaa hawa wawili, walio wa ukoo mmoja, wanapoachana njia.

Mtufaha una njia ya kukausha. Uliyelelewa Dar unaikumbuka barafu ya ukwaju ya kwenye kifuko: unatoboa kona, unafyonza, utamu wote unakuja mwanzo, mwisho unabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Hiyo ndiyo tabia ya barafu. Inachukua maji, sukari inaiacha nje. Ndani ya tumba la mtufaha barafu huanza kwenye magamba na kwenye shina dogo lililo chini ya ua, nje ya seli, na kila baridi inapozidi inavuta maji kutoka kwenye seli za ua, kidogokidogo. Seli zinasinyaa. Kinachobaki ndani ni sharubati nzito ya sukari ambayo haigandi kirahisi, pamoja na protini maalumu zinazolinda viungo vya seli visishikamane vinapokauka. Ua la mtufaha katikati ya majira ya baridi ni kama ng'onda: limekaushwa, limehifadhiwa, linangoja maji. Matumba ya aina ngumu za mtufaha huvumilia baridi inayopita nyuzi 30 chini ya sifuri.

Mpichi una njia ya ajabu zaidi, na nakiri ndiyo iliyonifanya niipende elimu hii. Umewahi kutoa chupa ya maji kwenye friza la duka, maji bado yanacheza, ukaigonga mezani, ghafla yote yakawa meupe? Maji hayagandi kwa sababu tu yamefika sifuri. Yanahitaji pa kuanzia: chembe ya vumbi, mkwaruzo, au kipande cha barafu kilichokwisha kuganda. Yakikosa pa kuanzia hubaki maji. Matone madogo safi ya mawinguni huweza kufika karibu nyuzi 38 chini ya sifuri yakiwa bado maji. Ua changa la mpichi hufanya hivyo hivyo. Barafu hutokea kwenye magamba, maji kiasi huhamia huko, lakini yale yanayobaki ndani ya ua hukaa bila kuganda hata baridi ifike nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi.

Inakuwaje barafu ya magamba, iliyo milimita chache tu pembeni, isiguse maji hayo na kuyagandisha? Kwa sababu mishipa ya maji ya kuingia kwenye ua haijakamilika. Fikiria nyumba mpya ambayo bomba la mtaani limeishia getini. Ua limelala likiwa halijaunganishwa na tawi, na kati yao kuna tabaka kavu lisilopitisha barafu. Majira ya joto yanapokaribia mishipa inaungana, ua linaanza kunywa, na kwa mlango huo huo barafu nayo inapata njia. Ndiyo maana tumba lililoanza kuvimba hufa kwa baridi ambayo wiki chache nyuma lisingeijali.

Ubaya wa njia ya mpichi ni kwamba haina nusu nusu. Ulinzi ukivunjika, ua zima huganda papo hapo na limekwisha. Watafiti huweka vipimajoto vidogo sana kwenye matumba, wakishusha baridi taratibu. Kila ua linapoganda hutoa joto kidogo, kama mapigo ya moyo kwenye karatasi ya mashine, na kila pigo ni ua moja linalokufa. Kwa kuwa kila ua hujilinda peke yake, tawi moja linaweza kupoteza la kwanza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na la mwisho kwenye nyuzi 26. Kwa mkulima hiyo ni nafuu. Mpichi huzaa maua mengi kuliko matunda unayoweza kuyaacha mtini, na hata mwaka mzuri unayapunguza kwa mkono.

Mwaka ulioonyesha tofauti yao

Kaskazini mashariki mwa Marekani, eneo la New England, mwaka 2023 uliwapima wote wawili kama mtihani uliopangwa. Februari 3 na 4 wimbi la baridi kali lilishuka ghafla baada ya siku za joto la kawaida. Matumba ya mapichi yaliganda, na mashamba mengi ya Massachusetts na Connecticut hayakupata mapichi mwaka ule. Mitufaha iliyokuwa imesimama jirani ililala usiku ule ule ikaamka salama. Halafu ikaja Mei 18. Mitufaha ilikuwa imechanua au inaanza kufunga matunda, sakitu ya usiku mmoja, yaani baridi inayogandisha umande, ikaipiga kuanzia Vermont hadi New York. Iliyoshinda baridi kuu ya Februari iliangushwa na ka-baridi ka-Mei.

Mwaka huo huo, kusini kwenye jimbo la Georgia ambalo sifa yake ni mapichi, majira ya baridi yalikuwa ya vuguvugu, maua yakawahi kuamka, baridi ya Machi ikayakuta wazi. Zaidi ya asilimia 90 ya mazao yalipotea. Georgia haikuona hata chembe ya baridi ambayo tumba lililolala lingeiogopa.

Nimeweka hapa vipimo vinavyotumiwa na wakulima wa huko, kwa baridi inayodumu nusu saa. Ni nyuzi za selsiasi.

| Hali ya tumba | Mpichi | Mtufaha |
|---|---|---|
| Limelala kabisa | huanza kufa kwa wingi karibu -23 hadi -26 | aina ngumu hupita -30 |
| Linaanza kuvimba, asilimia 10 hufa | -7.8 | -9.4 |
| Linaanza kuvimba, asilimia 90 hufa | -17.2 | -16.7 |
| Limechanua wazi, asilimia 10 hufa | -2.8 | -2.2 |
| Limechanua wazi, asilimia 90 hufa | -4.4 | -3.9 |

Soma safu kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza mtufaha unashinda mbali. Kufika kwenye ua lililochanua, mpichi ndio unaovumilia zaidi kidogo. Ukichagua mti kwa mstari wa kwanza, kama mzee alivyotaka, unachagua kwa baridi ambayo Tanzania haina. Njombe yenye mwinuko wa karibu mita 2,000, hata uwanda wa Kitulo unaopita mita 2,600, sakitu yake ni ya nyuzi chache chini ya sifuri alfajiri, kisha jua linatoka. Tumba lililolala, liwe la mpichi au la mtufaha, haliguswi na hiyo.

Deni la usingizi

Hapa ndipo mimi nilipoanguka, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Uwezo wa kulala kwenye barafu hauji bure. Tumba lililolala huhesabu saa za baridi, zile za kati ya sifuri na nyuzi 7 hivi, na halikubali kuamka mpaka hesabu itimie, hata ulipashe joto namna gani. Ni busara ya miti ya kule: siku tatu za jua katikati ya Januari zisiwadanganye. Mtufaha wa kawaida wa nchi za baridi hudai saa 800 hadi 1,000 na zaidi. Mpichi wa kawaida nao hudai mamia mengi. Na joto la mchana likipanda juu ya nyuzi 16 hivi hufuta sehemu ya saa zilizokusanywa usiku, jambo linaloumiza sana nyanda zetu za juu, ambako usiku wa Juni ni wa koti na saa sita mchana ni wa shati.

Ndiyo maana miche yangu 12 ilisimama kama fito. Ilikuwa na deni ambalo Njombe haikuweza kulilipa.

Mexico kuna mpichi wa kienyeji usiolala kabisa. Umepotelewa na sehemu ya kundi la vinasaba vinavyoongoza usingizi, hivyo hukua mwaka mzima bila kujua majira. Kwao, kwenye joto, unaishi vizuri. Ukipandwa penye baridi kali, ncha zake changa huuawa kila mwaka kwa sababu hazijui kufunga duka. Nadhani hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi kulala na kustahimili baridi vinavyokwenda pamoja.

Wazalishaji wa mbegu wamepunguza deni hilo. Kwa mtufaha ziko Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyopatikana Bahamas. Zote zinaridhika na saa 200 hadi 300 hivi. Kwa mpichi, Chuo Kikuu cha Florida kilitoa Flordaprince, inayoridhika na saa 150 hivi. Hizi ndizo za kutafuta. Muuzaji akikuambia "huu ni wa Ulaya, hauogopi baridi," muulize swali moja tu: unadai saa ngapi? Akishindwa kujibu, weka pesa mfukoni.

Ila deni dogo lina upande wake. Mti unaoridhika na saa chache huamka mapema, na ukiamka Julai mahali penye sakitu ya Julai, umekwenda kwenye mstari wa mwisho wa lile jedwali kwa miguu yako mwenyewe. Mpichi kwa kawaida hutangulia mtufaha kuchanua, kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Nimeiona kwa mjomba. Mpichi wake wa kienyeji ulichanua ukajaa waridi, watu wanapita wanausifu, nami nikapasua ua moja na kucha nikakuta katikati peusi. Petali zilikuwa nzuri kabisa. Ua lilikuwa maiti.

Sasa wewe shamba lako liko wapi?

Kama ni uani kwako Dar, usinunue wowote kati ya hawa, na nasema hivi nikiwa muuzaji. Usiku wa baridi kuliko yote hapa hauteremki hadi nyuzi 7 hata kwa ndoto. Panda mwembe. Mwembe nao hungoja ubaridi, lakini ni huu wetu wa kipupwe, Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 20. Ndiyo sababu unaona maembe ya Dar yakichanua wakati wa kusi na kujaa sokoni Desemba. Hauna usingizi wa barafu wala haudai.

Lushoto ningesema mpichi wa deni dogo, au plamsi ambazo watu wa huko wamezizoea siku nyingi na soko la Dar linazijua. Sakitu si tishio kubwa kwenye vilima vya kawaida vya Lushoto, kwa hiyo kuwahi kuchanua hakukudhuru, na mpichi una fadhila moja ambayo mtufaha hauna: hujichavusha wenyewe. Mwenye nafasi ya mti mmoja anapata matunda. Anna ukiwa peke yake utakusikitisha; unataka Dorsett Golden karibu, ichanue pamoja nayo. Zaidi ya hapo, mpichi huzaa mapema, mwaka wa pili au wa tatu baada ya kupanda mche wa kubebesha, ingawa hauishi miaka mingi kama mtufaha.

Njombe na Makete ndiko uamuzi unapokuwa mgumu, na hapo siulizi kwanza aina ya mti. Nauliza mteremko. Hewa baridi ni nzito, usiku mkavu usio na upepo hutiririka kama maji na kutuama bondeni. Mita 20 za mwinuko ndani ya shamba moja zinaweza kutenganisha ua zima na ua jeusi. Ukiwa na kipande cha mteremko ambapo hewa inapita, mpichi wa deni dogo utakulipa haraka. Ukiwa na tambarare ya juu yenye sakitu ya mara kwa mara, ningekwenda na mtufaha, tena usiwe wa deni dogo kuliko yote. Mti unaochelewa kidogo kuchanua ni bora kuliko unaowahi. Bonde la kijito, ile sehemu yenye udongo mweusi mzuri niliyoishangilia mimi, libaki la mboga.

Iko njia ya kuusaidia mtufaha usiopata baridi ya kutosha: kupukutisha majani yote kwa mkono baada ya kuvuna, kabla tumba halijazama kwenye usingizi mzito. Wakulima wa Batu, Java Mashariki, huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kufanya hivyo, kwenye nchi isiyo na majira ya baridi kabisa. Ni kazi ya mikono mingi. Kwa mitufaha kumi ya familia inawezekana. Kwa ekari tano fikiria malipo ya vibarua kabla hujaanza. Dawa za kuamsha miti zipo pia, lakini zile kali zina sumu mbaya kwa anayepuliza, na mimi siziuzi.

Na kabla hujakata tamaa na mti uliopigwa sakitu, chukua wembe. Kata matumba ishirini kutoka matawi tofauti, upasue kila moja kwa upana katikati. Kijani kibichi ni hai. Kahawia au nyeusi katikati ni mfu. Fanya hivyo siku moja au mbili baada ya sakitu, si asubuhi ile ile, kwa sababu rangi inahitaji muda kugeuka. Mpichi ukiwa na matumba hai hata machache kwa kila tawi, usiuondoe, utazaa.

Yule mzee alisikiliza mpaka kivuli cha mwembe wa kitalu kikahama. Hakununua kitu siku ile, nami nilifurahi. Alimpigia simu mwanawe wa Njombe palepale, akamwambia kwamba Juni ikifika, asubuhi ya kwanza ya sakitu, atembee shamba zima kabla ya jua, na kila mahali majani yalipogeuka meupe achomeke kijiti. Miche mitatu ya mpichi nimemtengea hapa kivulini, anaichukua mvua za Novemba.